Tezi na Mizani

Mwili wa binadamu ni mfano wa mji wenye watumishi wengi. Wako watumishi wanaoonekana na kusifiwa, kama mikono itendayo kazi, miguu iendayo safari, na moyo ambao watu huutaja katika nyimbo na barua zao. Wako pia watumishi waliojificha, wasiotajwa na mtu mpaka siku wanapogoma. Mmoja wa hao ni tezi ndogo iliyo mbele ya shingo, chini kidogo ya kikoromeo, yenye mabawa mawili kama kipepeo aliyetua. Uzito wake kwa mtu mzima ni gramu 20 hivi. Waganga huiita thairoidi, na kazi yake ni kutengeneza homoni, yaani ujumbe unaochukuliwa na damu hadi kila pembe ya mwili, kuamrisha chakula kiunguzwe kwa kasi gani na joto litoke kwa kiasi gani.

Katika nchi yetu na katika nchi nyingi za dunia wako watu, wanawake zaidi kuliko wanaume, ambao tezi hiyo imewachokea. Kila alfajiri kabla ya kunywa chai humeza kidonge kidogo cha homoni iitwayo thairoksini. Wengi wao hupata nafuu kubwa: baridi huwatoka, usingizi wa mchana huwapungua, na akili hurudi katika wepesi wake. Lakini wako waliotazamia kwamba kidonge hicho kitawaondolea unene pia. Hao hupanda juu ya mizani mwezi baada ya mwezi, wakaona mshale umekaa palepale. Ndipo wafikwapo na maneno mawili. La kwanza hutoka kwa jirani, asemaye, "Huyu ni mlafi na mvivu, ugonjwa ni kisingizio chake tu." La pili hutoka kwa mfanyabiashara, au hutoka moyoni mwa mgonjwa mwenyewe: "Ikiwa kimoja hakikutosha, meza viwili."

Nataka kukuonyesha, msomaji, kwa ushahidi wa historia, ya kwamba maneno yote mawili ni uongo, na ya kwamba hilo la pili limekwisha kuwagharimu watu maisha yao.

Kwa muda mrefu tezi hii ilikuwa fumbo. Mwingereza Thomas Wharton, aliyeandika kitabu juu ya matezi mwaka wa 1656, ndiye aliyeipa jina, akalitoa katika Kiyunani, kwa neno lenye maana ya mfano wa ngao. Lakini alipoulizwa na akili yake kazi ya ngao hiyo ni nini, hakupata jibu la maana. Alidhani kwamba moja ya kazi zake ni kuijaza shingo ili iwe mviringo na ya kupendeza, hasa shingo za wanawake. Tusimcheke, kwa sababu hata baada yake miaka zaidi ya 200 ilipita kabla hajatokea aliyejua zaidi.

Mwaka wa 1873 Sir William Gull, tabibu wa London, alieleza habari za wanawake wazima waliopatwa na hali ya ajabu. Nyuso zao zilivimba zikawa za mviringo, ndimi zikapanuka, maneno yakawatoka polepole, na wao waliokuwa wepesi wakawa wazito wa mwili na wa fikira. Miaka michache baadaye mwenziwe, William Ord, aliupa ugonjwa huo jina la miksidema, maana yake uvimbe wa ute. Alichagua jina hilo kwa sababu alipochunguza ngozi ya aliyekufa kwa ugonjwa huo aliona imejaa kitu kizito mfano wa kamasi. Liweke jina hilo akilini, msomaji. Ndani yake mlikuwa na sehemu kubwa ya jibu la swali letu. Lakini ulimwengu ulilipita jibu hilo bila kulitazama, kama msafiri apitaye kisima usiku.

Ushahidi wa pili ulitoka Uswisi. Nchi hiyo ni ya milima na iko mbali na bahari, na siku zile watu wake wengi walikuwa na rovu, yaani uvimbe wa tezi ya shingo. Katika mji wa Bern alikuwako mpasuaji hodari, Theodor Kocher, aliyekuwa na mkono mtulivu kuliko wenzake. Aliweza kuitoa tezi yote bila mgonjwa kufa kwa kutokwa na damu, na watu wakamshukuru. Mmoja wa wagonjwa wake alikuwa msichana wa miaka 11, ambaye Kocher alimpasua mwaka wa 1874. Baada ya miaka kadhaa Kocher alipata habari kwamba msichana huyo amebadilika, akamwita amtazame. Mdogo wake, ambaye zamani alifanana naye sana, alikuwa amekua akawa mwanamwali mzuri. Yeye alikuwa amebaki mfupi, mzito na mwenye akili iliyopumbaa. Kocher akawaita wagonjwa wake wengine, akaona kwamba wengi wa wale aliowaondolea tezi yote walikuwa katika hali hiyohiyo. Mwaka wa 1883 aliyatangaza hayo mbele ya wapasuaji wenzake bila kuficha, na tangu hapo akaacha kuitoa tezi nzima kwa ajili ya rovu la kawaida. Mwaka wa 1909 alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake juu ya tezi hiyo.

Mwaka wa 1883 huohuo chama kimoja cha matabibu wa London kiliteua kamati ya kuchunguza jambo hili, na mwaka wa 1888 kamati ikatoa taarifa yake. Ilisema kwamba ugonjwa wa wanawake wa Gull, hali ya wagonjwa wa Kocher, na udumavu wa watoto waliozaliwa na tezi mbovu, yote matatu yana chanzo kimoja: kukosekana kwa kazi ya thairoidi.

Ikiwa ugonjwa ni upungufu, basi dawa yake ni kurudisha kilichopungua. Wazo hilo ni rahisi kusemwa leo, lakini aliyelitenda alihitaji ushujaa. Mwaka wa 1891 daktari kijana wa Newcastle, aliyeitwa George Murray, alichukua matezi ya kondoo waliochinjwa, akakamua maji yake, akamchoma mgonjwa mmoja sindano ya maji hayo chini ya ngozi. Mgonjwa alikuwa mwanamke wa miaka 46 aliyekuwa amevimba na kudhoofika kwa miksidema. Kwa muda wa miezi michache uvimbe ulimtoka, usemi wake ukawa mwepesi, akarudi katika shughuli za nyumba yake. Mwaka uliofuata, 1892, madaktari wengine waliona kwamba hapana haja ya sindano. Tezi la kondoo likiliwa, latosha. Daktari E. L. Fox wa Plymouth alimpa mgonjwa wake nusu ya tezi la kondoo kila juma, limekaangwa kidogo na kukatwakatwa, liliwe pamoja na jamu. Yule mwanamke wa Newcastle aliishi miaka 28 zaidi, akafa mwaka wa 1919 akiwa na umri wa miaka 74. Murray alifanya hesabu akaona kwamba katika muda huo matezi ya kondoo zaidi ya 870 yalitumika kumhifadhi mtu mmoja hai.

Hapo ndipo habari njema ilipozaa upotovu. Watu waliona kwamba mgonjwa wa miksidema akitumia tezi la kondoo hupungua uzito upesi, wakasema moyoni, "Basi hii ni dawa ya kuyeyusha mafuta." Hawakukumbuka jina alilolichagua Ord. Kilichokuwa kikiwatoka wagonjwa wale kilikuwa zaidi ule ute na maji yaliyoshikwa nao chini ya ngozi. Lakini macho ya mtu huona unene ni mmoja tu. Hayatofautishi maji na mafuta. Hivyo mwaka wa 1894, miaka mitatu tu baada ya ushindi wa Murray, daktari mmoja wa London, Yorke-Davies, aliandika katika jarida la matabibu juu ya kuwapa watu wanene vidonge vya tezi, na huko Ujerumani wengine walikuwa wakijaribu hayohayo.

Mwaka wa 1895 sayansi yenyewe ilionekana kana kwamba inawaunga mkono. Adolf Magnus-Levy wa Berlin alipima pumzi za watu waliolala kimya bila kufanya kazi. Wewe wajua jiko la makaa: mlango wake ukifunguliwa sana, hewa huingia kwa wingi, na makaa huungua upesi, ukifungwa, moto hufifia. Mwili nao hutumia hewa kuunguza chakula, na kwa kuipima hewa mtu aweza kuujua ukubwa wa moto wa ndani. Magnus-Levy aliona kwamba mtu aliyelishwa tezi hutumia hewa zaidi, na mgonjwa wa miksidema hutumia hewa kidogo kuliko mwenye afya. Basi ilikuwa kweli ya kwamba thairoidi ndiyo ifunguayo na kufunga mlango wa jiko la mwili. Wafanyabiashara waliposikia hayo hawakungoja kusikia zaidi.

Huko Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20, viliuzwa vidonge vya kupunguza unene vilivyoitwa Marmola. Ndani yake mlikuwa na unga wa matezi ya wanyama. Vilitangazwa magazetini na kuuzwa bila cheti cha daktari, na mnunuzi akaambiwa kwamba atapungua bila taabu na bila kujinyima chakula. Tume ya serikali iliyosimamia haki katika biashara iliiamuru kampuni ya Raladam, iliyokuwa mwenye vidonge hivyo, iyaache matangazo hayo, lakini kampuni ilikwenda mahakamani. Mwaka wa 1931 Mahakama Kuu ya Marekani ilitoa hukumu ya kushangaza. Ilisema kwamba tume haikuonyesha jinsi matangazo hayo yalivyowadhuru wafanyabiashara wenzake Raladam, na kwa hiyo haikuwa na mamlaka ya kuyakataza. Madhara ya mlaji hayakutosha kuwa hoja! Ilibidi Bunge la nchi hiyo libadilishe sheria mwaka wa 1938 ndipo mnunuzi alipopata ulinzi, na mwaka wa 1942 tume iliishinda kampuni ileile mbele ya mahakama ileile.

Je, mambo yalikwisha hapo? Hayakukwisha. Udanganyifu ulitoka dukani ukahamia katika vyumba vya madaktari wachache waliopenda fedha kuliko kiapo chao. Katika miaka ya 1950 na 1960, wako madaktari wa Marekani waliokuwa wakiwauzia watu vidonge vya rangi nyingi, vikaitwa vidonge vya upinde wa mvua. Mgonjwa alipewa kimoja cha asubuhi, kingine cha mchana na kingine cha usiku. Katika rangi hizo nzuri mlifichwa amfetamini ya kuua njaa, thairoidi ya kuchochea moto, dawa ya kukojosha ili mizani ishuke, na digitalisi, ambayo ni dawa kali ya moyo. Fikiri, msomaji, juu ya mchanganyiko huo. Dawa mbili za kwanza huupiga moyo mjeledi ukaenda mbio. Dawa ya kukojosha hutoa mwilini chumvi iitwayo potasiamu, ambayo bila hiyo moyo hauwezi kudunda sawasawa. Na digitalisi, katika mwili uliopungukiwa na potasiamu, hugeuka kuwa sumu. Watu walikufa. Mwaka wa 1968 kamati ya Seneti ya Marekani, iliyoongozwa na Seneta Philip Hart wa Michigan, iliwaita mashahidi ikayafunua hayo mbele ya umma.

Leo sheria ya Marekani yataka kila chupa ya homoni za thairoidi iandamane na onyo lililozungushiwa mistari, kwamba dawa hizo zisitumiwe kutibu unene. Onyo hilo lasema kwamba kipimo cha kawaida hakimpunguzi mtu ambaye tezi lake ni zima, na kwamba kipimo kikubwa chaweza kuleta sumu ya kuhatarisha maisha. Maneno hayo ni machache, na yaliandikwa kwa sababu ya makaburi.

Kwa nini kipimo cha kawaida hakifai kitu kwa mwenye tezi zima? Kwa sababu mji wa mwili una mlinzi. Chini ya ubongo iko tezi nyingine, ndogo kama punje ya njegere, iitwayo pituitari. Hiyo huionja damu wakati wote. Ikiona homoni za thairoidi zimepungua, hutoa homoni yake, ambayo hospitali huiita TSH, kuiamsha thairoidi ifanye kazi zaidi; ikiona zimezidi, hunyamaza, na thairoidi ikapumzika. Mtu mzima akimeza kidonge kidogo, tezi lake hupunguza kazi kwa kadiri ileile, na hesabu ikabaki palepale. Akimeza kingi kupita ulinzi huo, moto huwaka kweli. Lakini moto huo hauchagui mafuta peke yake. Huunguza na misuli, huilegeza mifupa ikapoteza madini yake, na huufanya moyo upige ovyo. Tena huleta njaa. Afunguaye mlango wa jiko kupita kiasi huunguza sufuria pamoja na chakula.

Wakati wafanyabiashara walipokuwa wakichuma, wataalamu wa kweli waliendelea na kazi yao kimya. Siku ya Krismasi ya mwaka 1914, Edward Kendall, akifanya kazi katika hospitali ya Mayo huko Minnesota, aliipata homoni ya thairoidi katika hali ya chembe safi. Ili apate gramu 33 tu za chembe hizo, yeye na wenzake walitumia tani 3 hivi za matezi ya nguruwe. Mwaka wa 1926 Charles Harington wa London aliueleza umbo lake, na mwaka wa 1927 yeye na George Barger waliitengeneza kwa kemia, bila mnyama. Mwaka wa 1952 Jack Gross na Rosalind Pitt-Rivers walitangaza homoni ya pili, yenye nguvu zaidi, iitwayo T3. Na mwaka wa 1970 ikathibitishwa kwamba mwili wenyewe huigeuza thairoksini kuwa T3. Kwa hiyo leo mgonjwa hahitaji kondoo 870. Kidonge kilichotengenezwa kiwandani, chenye uzito wa homoni usiofikia sehemu ya elfu mbili ya gramu, chamtosha kwa siku nzima.

Jambo jingine kubwa lilitokea katika miaka ya 1960 na 1970: wataalamu walijifunza kuipima TSH katika damu. Kabla ya hapo daktari alikisia kipimo cha dawa kwa kumtazama mgonjwa na kwa vipimo visivyo vikali, na wengi walipewa maikrogramu 200 hadi 400 kwa siku. Mlinzi alipoanza kuulizwa, alijibu kwamba wengi wao walikuwa wakipewa kupita haja. Vipimo vikapunguzwa, na leo wengi hutosheka na maikrogramu 100 hadi 150, au pungufu ya hizo.

Sasa tunaweza kulirudia swali tuliloanza nalo: mbona anayemeza dawa yake kwa uaminifu hapungui? Mwaka wa 2011 madaktari wa Denmark walitoa matokeo ya uchunguzi wao juu ya kundi dogo la wagonjwa waliowafuata kwa mwaka mmoja tangu walipoanza kutumia thairoksini. Kwa wastani walipungua kilo 4 na kidogo. Madaktari hao hawakuridhika na mizani peke yake. Walitumia mashine ya kutofautisha mafuta na visivyo mafuta. Wakaona kwamba kilichotoka kilikuwa hasa maji yaliyozidi. Mafuta yalibaki takriban vilevile. Ord angalikuwa hai asingalishangaa. Uvimbe wa ute ulikuwa uvimbe wa ute tangu siku alipoupa jina.

Hivyo basi, dawa hii hulipa deni, haitoi zawadi. Humrudishia mgonjwa kilicho chake, kisha humwacha mahali walipo watu wote. Ikiwa tezi lilimwongezea kilo 3 za maji, hizo zitaondoka. Ikiwa ana kilo 20 nyingine zilizoletwa na chakula, na maisha ya kuketi, na umri, na urithi wa ukoo wake, hizo hazitaondoka kwa kidonge. Zitamtaka ajitahidi kama amtakavyo kila binadamu. Na jitihada hiyo si nyepesi, kwa kuwa mwili hauijui tofauti ya kujinyima kwa hiari na njaa ya ukame. Katika miaka ya 1970 iligunduliwa kwamba mtu akifunga kula, mwili wake hupunguza kuigeuza thairoksini kuwa T3, ili moto ushuke na akiba isiishe upesi. Yaani mwili hupigana kuyahifadhi mafuta yaleyale ambayo mwenyewe ataka kuyaondoa. Hiyo ni hekima iliyowaokoa babu zetu katika miaka ya njaa, na ni mzigo kwa wajukuu wao katika miaka ya shibe.

Wako wengine ambao mzigo wao ni wa namna nyingine. Hao tezi lao lilikuwa likifanya kazi kupita kiasi, wakakonda ilhali wanakula sana. Walitibiwa kwa kisu, au kwa iodini yenye mionzi, tiba iliyoanza Boston mwaka wa 1941, na tezi likanyamaza kabisa. Sasa wanameza thairoksini. Uzito ulioibwa na ugonjwa hurudi, na pengine huzidi kwa sababu mazoea ya kula sana yamebaki. Jirani aonaye unene huo hajui kwamba mbele yake yuko mtu aliyeponea chupuchupu.

Wako pia ambao dawa haiwafikii sawasawa. Thairoksini hutaka tumbo tupu. Ikimezwa pamoja na kahawa au maziwa, au pamoja na vidonge vya kuongeza damu vyenye chuma, au vya chokaa vya kuimarisha mifupa, sehemu yake hupotea njiani. Ndiyo maana mgonjwa huambiwa aimeze kwa maji, nusu saa au saa nzima kabla ya kula, na kipimo kikibadilishwa angoje majuma sita hivi ndipo damu yake ipimwe tena. Dawa hii ni mtumishi wa polepole. Hukaa mwilini siku nyingi, na haraka haimfai.

Huenda utasema, "Haya yote ni mambo ya Ulaya na Marekani." Sivyo. Katika nyanda za juu za Kenya, kama huko Uswisi, udongo una upungufu wa iodini, nayo ni madini ambayo tezi hiyo haiwezi kufanya kazi bila ya kuyapata. Rovu lilikuwa jambo la kawaida kwa wazee wetu wa milimani. Chumvi yetu nyingi hukaushwa pwani, kaskazini ya Malindi. Lakini hata chumvi ya bahari huwa na iodini kidogo mno, haina budi kutiwa. Sheria ya mwaka 1978 ililazimisha chumvi ya chakula itiwe iodini, na kwa tendo hilo dogo watoto wengi walikingwa na rovu na udumavu wa akili bila wao kujua. Hata hivyo chumvi hiyo haikuuondoa kila ugonjwa wa tezi. Mwaka wa 1912 Mjapani Hakaru Hashimoto alieleza ugonjwa ambao leo twajua kwamba askari wa mwili wenyewe huligeukia tezi na kuliharibu. Ugonjwa huo hauzuiwi kwa kuongeza chumvi katika mchuzi, na aliyepatwa nao hakuutafuta.

Naam, biashara ya tamaa nayo imefika kwetu. Vyakondesha na vidonge visivyo na maelezo ya kweli huuzwa kwa maneno yaleyale ya Marmola: utapungua bila taabu, bila kujinyima, kwa siku chache. Anayejua historia huisikia sauti hiyo akaitambua, kama mtu atambuavyo sauti ya mwizi aliyekwisha kumwibia baba yake.

Nawe kijana usomaye haya, pengine nyumbani kwenu yuko mama, shangazi au dada amezaye kidonge hicho kila alfajiri, na mizani haimpi faraja. Jua ya kwamba dawa yake inafanya kazi hata ikiwa nguo zake hazijalegea. Kazi yake ni kuufanya moyo upige sawa, damu iwe na joto, na fikira ziwe macho. Kazi ambayo kabla ya mwaka 1891 hapana mganga aliyeiweza. Akiongozana na daktari wake, akala kwa kiasi na kutembea kadiri ya nguvu zake, ataupunguza uzito kidogokidogo kama wengine, maana haba na haba hujaza kibaba. Lakini asiongeze kidonge kwa kukata tamaa, wala asikiache kwa hasira.

Na kabla hujatamka lile neno la jirani, ukumbuke kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wharton, mtu msomi, aliitazama tezi hii akadhani ni pambo. Wafanyabiashara waliitazama wakaona fedha. Kocher alimtazama msichana aliyemdhuru kwa mkono wake hodari, akauliza kwa nini, na katika swali hilo ukapatikana uponyaji wa maelfu. Chagua, msomaji, wewe utamtazama mgonjwa kwa macho ya nani.